Orodha Isiyo na Pengo

Nilipaswa kukataa. Naanza na neno hilo ili msomaji asipoteze muda kutafuta kosa lilianzia wapi.

Prefe, yaani mkuu wa sekondari niliyokuwa karani wake, aliniita ofisini saa nne asubuhi, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mezani palikuwa na farde, yaani faili, thelathini na nane, kila moja ikiwa na picha ya mwanafunzi wa mwaka wa sita iliyobanwa juu yake. Zilikuwa zimekamilika, tayari kupelekwa kwa mkaguzi ili wanafunzi hao waandikishwe kwenye mtihani wa Serikali, ule tunaouita egzeta. Bila egzeta huna diploma, na bila diploma hakuna chuo kikuu kitakachokufungulia mlango.

"Tata karani," akasema, "bale bajana ba sité bamekuja tena jana. Banasema tukituma majina ya Bakasai, shule itawaka moto. Basi ondoa farde zao. Zitafuata nyuma."

"Nyuma lini, Tata Prefe?"

"Nyuma. Bitu bikipoa. Na ku liste, pitisha mustari juu ya majina yao, nipige kashe, tumalize."

Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa wawili tu. Ningeweza kumwambia kwamba ofisi ya mkaguzi imeshaandika idadi yetu, thelathini na nane, naye asingekuwa na njia ya kuhakikisha. Ningeweza hata kufanya alivyosema, bila kuongeza neno, na ingekuwa dhambi ndogo kuliko niliyoifanya. Badala yake nikafungua kinywa na kusema jambo ambalo hakuna aliyeniuliza.

"Liste yenye mistari hawaipokei, Tata Prefe. Nitaipiga upya kwa mashine."

Akaniangalia kidogo. "We unajua kazi," akasema.

Niliposikia sifa hiyo nilifurahi. Na hilo pia naliandika hapa.

Nilikaa mbele ya mashine yangu ya chapa mpaka saa saba. Majina kumi na moja, ya watoto wenye asili ya Kasai, yalitoka. Yakabaki ishirini na saba, nami nikayapa namba upya, moja mpaka ishirini na saba, moja kwa moja, bila pengo hata moja. Hakuna aliyeniambia nibadilishe namba. Nilizibadilisha kwa sababu orodha yenye pengo ilinikera macho. Nilikuwa karani wa namna hiyo. Prefe akagonga kashe, muhuri ukakaa vizuri, na farde kumi na moja zikaingia kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti changu.

Moja kati ya hizo ilikuwa ya mtoto aliyekuwa akiniita tata mukubwa, yaani baba mkubwa.

*

Baba yangu alifika Kolwezi kwa treni kutoka kaskazini mwa Katanga, ameandikwa kazi ya mgodini. Baba wa jirani yangu alifika kwa treni kutoka Kasai, ameandikwa kazi ileile. Walipewa nyumba mbili zinazopakana katika sité, yaani mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya mgodi, kule Musonoi, na sisi watoto wao tulizaliwa humo, tukacheza juu ya vumbi moja lililotoka kwenye shimo moja. Mimi nilimzidi miaka mitatu, kwa hiyo akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi masikioni. Yeye alikuwa mchoraji katika ofisi ya ramani za mgodi. Hesabu zilikuwa mikononi mwake kama unga ulivyo mikononi mwa mama anayesonga bukari, ugali wetu.

Mimi hesabu sikuzijua. Nilipata diploma yangu kwa asilimia hamsini na tatu, na masomo yangu yakaishia hapo. Lakini nilijua Kifaransa cha kuandika insha, na nilijua karatasi. Nilijua farde inataka nini, picha ngapi, jina liandikwe vipi lisije likatofautiana na lile la cheti cha kuzaliwa. Kila mwaka watoto wenye akili walikwama kwa sababu ya herufi moja, nami niliona aibu kwa niaba yao.

Basi tukaungana. Alasiri, kila siku isipokuwa Jumapili, katika lupango yangu, uani mwa nyumba, tuliweka benchi nne za mbao zilizotoka kwenye masanduku ya mashine za kampuni, na wanafunzi wa mwaka wa sita wakaja. Yeye alifundisha hesabu na fizikia, mimi insha na Kifaransa. Maswali ya egzeta za miaka iliyopita tuliyanakili kwa mkono katika madaftari makubwa, yakapita kutoka kaka kwenda kwa dada mpaka kona zikawa nyeusi.

Egzeta ni swali moja na majibu matano, na wewe unachagua. Jirani yangu alikuwa na njia yake.

"Usitafute jibu," aliwaambia. "Jibu litakuchokesha. Tafuta zile ine za bongo, za uongo, uzitupe. Ile inabakia njo yenyewe."

"Na kama zote ni za bongo, tata?" mmoja akauliza.

"Ile ya tano inaandikwa nini? 'Hakuna jibu la kweli.' Unaona? Hata Serikali inajijua."

Wakacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza ni nani aliyeanguka.

Kazi yangu nyingine ilikuwa karatasi ya majibu. Pale juu mwanafunzi anaandika namba yake, na ukikosea namba, hata ukijua kila kitu, umefanya mtihani wa mtu mwingine. Kwa hiyo mara orodha ya kwanza ilipokamilika, yale majina thelathini na nane, nilianza kuwafanyisha mazoezi ya namba. Nilimnyooshea mtu kidole ghafla, katikati ya jambo jingine, naye alipaswa kuitaja. Binti yangu alikuwa namba thelathini. Binti wa jirani yangu alikuwa kumi na mbili.

Hao wawili walikaa benchi moja tangu shule ya msingi. Wangu alikuwa mwenye kusoma sana na kushika polepole. Wa jirani alikuwa na kichwa cha baba yake. Alijibu huku akitazama nje kama mtu anayesubiri basi. Alitaka kwenda Lubumbashi kusoma udaktari. Nilikuwa nimeshamwandikia barua ya kuomba nafasi chuo kikuu, rasimu tatu, na ile ya tatu nilimfanya ainakili mara mbili kwa sababu pambizo ya kushoto haikunyooka.

Siku tulipojaza fomu ya farde alifika kwenye mstari wa asili, akainua kalamu.

"Tata mukubwa, hapa niandike nini?"

"Mahali baba yako alitoka."

"Baba alizaliwa hapa."

"Basi pa babu yako."

"Kule mi sijafika hata siku moja. Mama yangu wa huku. Niandike pa mama?"

"Haiandikwi hivyo. Asili ni ya upande wa baba. Farde yenye uongo inarudishwa."

Baba yake, aliyekuwa akichonga chaki upande wa pili, akasema bila kugeuka, "Andika tu, mutoto. Yaya yangu akiona uongo ku karatasi anapata malaria."

Akaandika Kasai. Nikamsifu kwa mwandiko. Wakati huo mstari ule ulikuwa mstari tu, kama kimo na rangi ya macho.

*

Mambo yaliharibika kwa mfuatano ambao hata leo siwezi kuupanga sawasawa. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi uliporomoka. Mishahara ikachelewa mwezi, halafu miezi. Unga wa kampuni, ambao tulikuwa tumeuzoea kama mvua ya Novemba, ukaacha kuja. Watu wenye njaa wakaanza kuulizana ni nani aliyekula. Wakubwa wakatoa jibu kwenye mikutano na redioni, na jibu lilikuwa jirani zetu wa Kasai. Wakaitwa bilulu, wadudu. Neno hilo nililisikia kwanza kwa vijana wenye vitambaa vichwani, halafu kwa mwuza mkaa, halafu kanisani nje ya mlango, kwa watu waliokuwa wamepokea komunyo dakika tano zilizopita.

Mimi sikulisema. Kwa muda mrefu nilijiona mtu mwema kwa sababu hiyo.

Jirani yangu aliondolewa kazini, na karatasi ikabandikwa mlangoni kwake kwamba nyumba ni ya kampuni na aiache. Hata hivyo aliendelea kuja kufundisha, alasiri kwa alasiri. Wanafunzi walipungua. Wengine waliacha kuja kwa sababu yake, na wengine, wale wa Kasai, kwa sababu ya hatari za njiani. Siku moja mzazi mmoja aliniambia penye bomba la maji, "Tata karani, bado unaweka kilulu mu lupango?" Nikacheka. Sikucheka kwa furaha, lakini nilicheka, na yeye akaondoka akijua kwamba nimecheka.

Juma lilelile Prefe aliniita.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliogopa. Ndiyo, niliogopa. Shule moja ng'ambo ya mtaa wa Manika ilikuwa imevunjwa madirisha. Lakini hofu pekee ingenifanya nipitishe mistari kama nilivyoambiwa. Kulikuwa na jambo jingine chini yake, nami ni mzee sasa, sina sababu ya kulificha. Binti wa jirani aliponyakua nafasi ya kwanza kila mwaka, binti yangu alikuwa wa tatu au wa nne. Nilipokuwa napiga chapa orodha mpya, nilipomruka namba kumi na mbili, kidole kikiwa bado hewani, niliwaza: safari hii wangu atakuwa mbele. Wazo lilipita haraka. Lakini lilipita, na mimi nililiona, na kidole kikashuka kwenye jina lililofuata.

*

Siku tatu baadaye walifukuzwa. Vijana walikuja mchana kweupe wakiimba, wakasimama mbele ya nyumba ya jirani na kumwambia achague: kutoka kwa miguu au kutoka kwa moto. Mke wangu alivuka, akawasaidia kufunga vyombo. Mimi nilisimama ndani ya mlango wangu. Nilivuka walipokuwa wameshaondoka wale vijana, nikabeba godoro kichwani mpaka kituo cha treni, nikitumaini watu waone godoro na wasinione mimi.

Kituoni kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Waliketi juu ya mizigo, chini ya mashuka na plastiki, tangu majengo ya stesheni mpaka mbali kando ya reli, wakisubiri treni ambayo hakuna aliyejua itakuja siku gani. Waliweka mawe matatu, wakapika. Watoto waliharisha. Jirani yangu alipata nafasi ukutani, akaning'iniza shuka, akaweka godoro chini, akanikaribisha kama vile nimeingia sebuleni kwake.

"Karibu, yaya. Nyumba ndogo, lakini kampuni haiwezi kuikamata."

Tukakaa. Binti yake alikuwa amepiga magoti juu ya boksi, na daftari la maswali ya egzeta wazi mbele yake. Kati ya vitu vyote vya nyumba ile alikuwa amebeba hicho mkononi.

"Yaya," jirani akasema taratibu, "kintu kimoja tu. Farde ya mutoto ilienda?"

"Ilienda."

"Na liste?"

"Ilienda na kashe yake."

Akafumba macho, akapumua. "Basi. Tukifika popote, eko na namba. Mutu mwenye namba hawezi kupotea. Serikali itamuita."

Orodha ilikuwa imekwenda kweli, na kashe yake kweli. Nilijiambia kwamba sikusema uongo. Binti akanitazama kutoka kwenye boksi lake.

"Tata mukubwa, niulize namba."

Nikamuuliza.

"Kumi na mbili," akasema, akarudi kwenye daftari.

Walikaa pale majuma matano. Binti yangu alikwenda kila alasiri baada ya kazi za nyumbani, na chakula alichopika mama yake, nao wakasoma pamoja juu ya lile boksi. Mimi nilikwenda mara moja tu zaidi. Treni ilipokuja nilikuwa kazini. Nilisikia honi yake nikiwa mbele ya mashine, nikaendelea kupiga chapa.

*

Egzeta ikafika. Asubuhi ile niliwapanga wanafunzi wangu ishirini na saba uani, nikagawa vikaratasi vya namba. Binti yangu alitazama chake, akaja kwangu mbele ya wenzake.

"Tata, namba yangu imebadirika."

"Mashine ilikosea mara ya kwanza," nikamwambia. "Andika hiyo."

"Makumi mbili na moja?"

"Hiyo."

Hakuniuliza tena. Aliingia, akaketi, akafanya mtihani siku zote nne. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata asilimia sitini na nane, wa kwanza katika shule. Nilitembea nayo habari hiyo mjini kote. Nilimwandikia barua ya kuomba chuo kikuu, nikitumia ile rasimu ya tatu iliyokuwa bado katika dawati langu. Nilibadilisha jina na tarehe ya kuzaliwa tu, kwa kuwa yaliyobaki yalikuwa yameandikwa vizuri.

Kabla jibu halijaja kutoka Lubumbashi, mfanyabiashara mmoja alileta barua. Alimpa binti yangu mkononi, sokoni Manika, naye akaniletea ikiwa imefunguliwa. Rafiki yake aliandika kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Baba yake alifariki siku ya pili baada ya kushuka kwenye treni. Tumbo lilimwanza njiani, mabehewa yalisimama siku nyingi Kamina na maji yalikuwa mabaya. Mama na wadogo walikuwa wamepewa pembe ya darasa kulala. Aliyaandika hayo kwa mistari mitano. Ukurasa uliobaki ulihusu jambo moja. Alikuwa amesikia kwamba watoto waliofukuzwa wangeruhusiwa kufanya egzeta huko, katika kikao cha pekee, kama shule zao za zamani zingethibitisha kwamba walikuwa wameandikishwa. Alihitaji karatasi moja yenye kashe. Aliweka namba yake chini ya jina, kumi na mbili, kama nilivyomfundisha.

"Utaiandika?" binti yangu akauliza.

"Nitaiandika."

"Lini?"

"Mkaguzi anakuja juma lijalo. Lazima apitishe."

Sikudanganya, mkaguzi alikuja kweli. Alikuwa mzee mpole, mwenye koti lililofifia, na alikuja hasa kwa ajili ya jambo hilo. Aliketi mbele ya meza yangu, Prefe amesimama dirishani.

"Nimetembea mashule sita," mkaguzi akasema. "Kila mahali nakuta liste imekatwakatwa, majina yamepigwa mistari, namba zinaruka. Mambo ya aibu. Lakini zinanisaidia. Nikiona mustari, najua mutoto alikuwa pale, natia sahihi. Sasa nionyeshe ya kwenu."

Nikampa. Akavaa miwani, akaifuata kwa kidole, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na saba. Akarudi juu, akaifuata tena.

"Ninyi hamukukuwa na mutoto wa Kasai hata mumoja?"

Prefe hakugeuka kutoka dirishani.

"Liste njo hiyo, Tata Mkaguzi," nikasema.

"Safi namna hii," akasema. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira. "Ingekuwa na pengo moja tu, tata, ningesaini. Moja tu. Lakini hapa nitaandika nini? Hakuna mutu anayekosekana." Akavua miwani. "Njo yote? Hakuna farde zingine?"

Mgongo wangu ulikuwa umeegemea kabati. Nilihisi ubaridi wa chuma kupitia shati. Ningegeuza ufunguo tu.

"Njo yote," nikasema.

Akafunga kitabu chake, akatushukuru, akaondoka kwenda shule ya saba.

Jioni ile, kabla jua halijatua, binti yangu alinisubiri penye geti.

"Umeandika?"

"Nimeandika. Imeshakwenda."

*

Ilichukua miezi minne. Jibu la chuo kikuu lilikuwa limekuja, amekubaliwa, na sanduku lake lilikuwa limefungwa. Yule mfanyabiashara akapita tena Manika, na binti yangu akamuuliza habari. Karatasi haikufika. Rafiki yake alikwenda kila juma kuulizia, mpaka kikao kikapita. Sasa anauza mafuta ya mawese.

Alinikuta katika lupango, nikipanga benchi kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka mpya. Aliketi kwenye ile ya mbele.

"Tata, sikiliza. Namba yangu ilikuwa makumi tatu. Ulinifundisha niijue hata nikiwa na homa. Siku ya egzeta ukanipa makumi mbili na moja. Nilihesabu, Tata. Nilihesabu palepale, swali la kwanza liko mbele yangu. Nikajua bantu kenda mbele yangu hawako. Nikayataja majina yao moja moja kichwani. Kisha nikafanya egzeta."

Nilitaka kusema kitu kuhusu Prefe.

"Ngoja. Sijamaliza. Sikukuuliza, sababu nilisema, Tata aliogopa, na mimi pia niliogopa, nilikaa nikajaza ile karatasi. Tuko sawa. Barua ilipokuja nilifurahi. Nilisema, sasa atatengeneza. Mungu amemuletea njia ya kutengeneza mpaka ku mulango."

"Prefe alikuwa pale," nikasema. "Tulikuwa na njaa. Wewe hujui."

"Prefe alikuambia ubadilishe namba?"

Niliinama kunyoosha benchi iliyokuwa imeshanyooka.

"Na barua yangu ya chuo," akasema, "ninaijua, maneno mpaka pambizo. Nilikuwa nimekaa pembeni ya rafiki yangu alipoinakili mara mbili."

Hakupaza sauti. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akarudisha nguo rafuni moja moja. Mama yake alimsihi siku nzima. Hakwenda Lubumbashi mwaka ule wala mwaka uliofuata. Alikodi meza Manika, akauza unga, akaolewa na fundi wa redio, mtu mzuri. Diploma yake ilipofika kutoka mji mkuu hakuja kuichukua. Niliipokea na kuitilia sahihi mimi.

Miaka kumi hivi baadaye nilikwenda Mwene-Ditu. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba sikujaribu, lakini nasema pia kwamba nilijaribu nikiwa nimechelewa, wakati haikunigharimu kitu. Nilimkuta nyuma ya madumu ya mafuta, mama wa watoto wanne. Alinitambua mara moja, akanipa kiti, akaniita tata mukubwa. Nikamweleza yote, mashine, namba, kabati. Alisikiliza huku akipimia wateja. Mwishoni akasema, "Baba alikufa akijua niko na namba. Hilo uliniachia. Lingine, sina la kukuambia." Akanifungia chupa ya mafuta ya kupeleka kwa mke wangu, akanikataza kulipa. Kuomba msamaha sikuweza. Nilikuwa nimejiandaa kuomba, nikakuta hakuna mahali pa kuuweka.

Farde kumi na moja zilichomwa na prefe aliyefuata alipohitaji kabati. Nilikuwa nimeshastaafu. Yule aliyeniagiza alikufa akiheshimiwa. Sina la kumlaumu zaidi ya jambo moja aliloniomba, na alichoniomba kilikuwa kidogo kuliko nilichompa.

Niliendelea kuandaa wanafunzi wa egzeta miaka mingi. Hesabu nilimtafuta kijana mmoja, halafu mwingine, hakuna aliyekaa. Wanafunzi wangu wengi wamefaulu. Wengine ni wahandisi katika makampuni mapya, wanapita na magari yao kwenda kwenye mataka, yale mabaki ya mgodi, ya Kingamyambo, na wakiniona njiani wanasimama, wanashuka, wananiamkia kwa mikono miwili.

Binti yangu anakaa Manika, mwendo wa robo saa kwa taxi-moto. Hajawahi kunitukana. Kila mwezi anatuma unga na mafuta, na nikiugua anatuma dawa. Mke wangu alipofariki alikuja, akapika, akapokea wageni, akaosha vyombo mpaka sufuria la mwisho, akaondoka bila kuketi kwenye benchi yangu. Ana watoto watano. Watatu wameshafanya egzeta. Walijiandaa kwa mwalimu mwingine, ng'ambo ya barabara kuu, mtu ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kuandika insha. Huyu wa tatu alifanya mwaka huu. Nilipata habari kwa jirani wa sasa kwamba amefaulu na anakwenda kusoma udaktari. Nilimuuliza jirani ni asilimia ngapi. Hakujua, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Nilimpoteza ndugu niliyezaliwa naye ukuta kwa ukuta, akafa katika nchi ambayo hakuwa ameiona, akiamini neno langu. Nilimpotezea binti yake udaktari. Na nilimpoteza binti yangu mwenyewe, ambaye yu hai, ana afya, na ananiheshimu, na hatakaa tena chini ya paa langu, wala hatamruhusu mtoto wake ajifunze kwangu hata herufi moja.